Mchanga wa Pamba

Juzi binti yangu alifika nyumbani na mtoto wa mbwa ndani ya sweta ya shule. Ni wa ile aina ya miguu mifupi na manyoya mengi, ambao hata wakikomaa hawawezi kumtisha mwizi. Kabla sijauliza katoka wapi, alikuwa amekojoa kwenye vigae vya sebule. Jirani yangu hapa Kitui mjini, ambaye ana shauri kwa kila jambo la watu, aliniambia nikanunue kizimba kidogo cha waya, nimfungie humo mpaka ajue adabu. Binti yangu alianza kulia. Nami nilibaki nimesimama na tambara mkononi, nikinusa kile kiharufu cha mkojo wa mbwa mchanga, na ghafla sikuwa Kitui tena. Nilikuwa kwa Susu.

Susu ndivyo tunavyomwita nyanya huku Ukambani, wewe unajua. Boma lake lilikuwa kwenye mteremko kati ya Tawa na Kikima, na chini yake ulipita mto wa mchanga, ile mito yetu ambayo maji yake hukaa chini wala huyaoni mpaka uchimbe. Nililelewa pale mpaka nilipokwenda sekondari. Nyumba ilikuwa ya matofali, na sakafu yake ilikuwa ya simiti nyekundu. Susu aliipata sakafu hiyo kwa kusuka na kuuza vyondo, vile vikapu vya mkonge, miaka mingi, na aliipenda kuliko alivyotupenda sisi wajukuu, au ndivyo tulivyonong'ona tukiambiwa tuvue viatu mlangoni.

Kiangazi kimoja shangazi yangu, aliyekuwa akifanya kazi ya nyumba Nairobi, alikuja na kikapu. Ndani yake mlikuwa na kijibwa cheupe ambacho waajiri wake walikuwa wamempa. Tulimwita Pamba hapo hapo. Shangazi alieleza kwamba mbwa wa namna hiyo hulala ndani, na kwamba kule Nairobi walimfungia kwenye sanduku lenye mlango ili asichafue nyumba. Susu alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Mbwa kulala ndani? Ndani ya nyumba ya nani?"

Lakini kumweka nje ilikuwa kumuua, na sote tulijua. Tulikuwa na mbwa wawili wakubwa wa kulinda boma, na siku ile ile mmoja wao alimrarua Pamba sikio kabla hatujamnyang'anya. Tena mwewe alikuwa amekwisha kuzoea uwanja wetu. Alikuwa akichukua vifaranga mchana kweupe huku tukipiga debe na kupayuka. Pamba hakuwa mzito kuliko kuku.

Susu alimtazama akitetemeka mapajani mwangu, sikio likitoka damu, akatoa hukumu yake. Akina mama wa kanisa walikuwa wanakuja kwake kwa maombi Alhamisi ya wiki iliyofuata. Mpaka siku hiyo Pamba angelala ndani. "Wakikuja na huyu bado anakojolea sakafu yangu, anaenda nje na wenzake. Mungu atamwangalia." Nilimjua Susu. Neno lake likishatoka halikurudi mdomoni.

Shangazi alirudi kazini, nasi tukaachwa na kibarua. Nilipendekeza tumfunike kwa tenga tulilofunikia kuku mwenye vifaranga, maana hilo ndilo lililokaribia kufanana na lile sanduku la Nairobi. Susu alikataa katakata. "Kuku ndiye hufunikwa," alisema. "Mwenye masikio hufundishwa."

Basi akaanza kufundisha, na alifundisha kama alivyosuka, bila haraka na bila kuinua macho. Alisokota kamba ya mkonge kwenye paja lake, akamfunga Pamba shingoni kwa upole, ncha ya pili akaifunga kwenye kifundo cha mguu wake mwenyewe. Alipokaa kusuka, Pamba alikaa. Alipokwenda jikoni, Pamba alimfuata akijikwaa. Kamba ikianza kuvutwa huku na huku, na kijibwa kikianza kunusanusa na kuzunguka, Susu aliniita kwa sauti ya mtu aliyeona moshi. Nilimnyakua nikakimbia naye nje. Akiamka, nje. Akimaliza maziwa, nje. Akicheza kidogo, nje. Niliota misuli ya miguu kiangazi kile.

Shida ilikuwa kwamba huko nje hakutaka. Ardhi ilikuwa ngumu kama chungu kilichochomwa, imejaa mbigili, na nyayo zake zilikuwa laini. Angesimama mguu mmoja juu, anilalamikie, kisha arudi ndani na kujisaidia mbele ya kiti cha Susu. Na ujue huo ulikuwa wakati wa kiu. Maji tulichimba mtoni, tukakaa kungoja yajae kwenye kishimo, tukayateka kata kwa kata, punda akapanda nayo. Kila dimbwi la Pamba lilipanguswa kwa maji hayo. Susu alimwaga jivu kwanza kuua harufu, kisha akapangusa, na kila mara alilipima debe kwa macho.

Siku moja nilimshika Pamba nikataka kumsugua pua kwenye mkojo wake, kama nilivyosikia shuleni kwamba ndivyo inavyofanywa. Susu alinishika mkono. "Ukimpiga juu ya kukojoa hataacha kukojoa. Atajifunza kukojoa mahali hauoni."

Akafikiria, akanituma mtoni nilete mchanga. Niliupandisha kwa karai, tukaumwaga nyuma ya jiko, tukafanya kitanda kidogo laini. Pamba alipowekwa hapo alinusa, akachimba kidogo, akachuchumaa. Susu alimchekea! Alimpa punje ya maharagwe kutoka kwenye sahani yake mwenyewe ya muthokoi, ule mchanganyiko wa mahindi yaliyokobolewa na maharagwe, akamwambia kwa Kikamba kwamba yeye ni mtoto mzuri. Mimi sikuwahi kuambiwa hivyo hata nilipokuwa wa kwanza darasani.

Tangu hapo mambo yalinyooka. Ilikuwa mchanga, maharagwe, sifa, asubuhi hadi jioni. Ikafika mahali Pamba mwenyewe alivuta kamba kuelekea mlangoni. Jumatatu sakafu ilikuwa kavu. Jumanne kavu. Jumatano nilianza kupumua, ingawa Susu alinionya nisishangilie mtama ungali shambani.

Alhamisi tuliamka na kazi. Niliweka vitambaa vya kufuma kwenye viti, nikachemsha chai, nikapanga viazi vitamu kwenye sinia. Kisha Susu akanituma mtoni tena, maana wageni walikuwa wanakuja na lazima mtungi ubadilishiwe kitanda. Nyumba zetu za zamani unazijua. Mtungi wa maji ya kunywa ulikaa pembeni ya sebule, umezikwa kidogo kwenye lundo la mchanga wa mto uliolowa, ili maji yawe baridi. Mtungi wa Susu uliwekwa pale na mama mkwe wake siku Susu alipoletwa kama bibi arusi, na hata sakafu ya simiti ilipokuja, fundi aliambiwa aiache pembe hiyo bila simiti. Nilitoa mchanga wa zamani, nikajaza mpya, safi, wenye unyevunyevu. Susu aliusawazisha kwa kiganja akaridhika. Halafu akafungua kamba mguuni, kwa sababu hakutaka mwenyekiti wa akina mama ajikwae.

Unaona tulipofika? Sisi hatukuona.

Akina mama waliingia wakiimba, wakavua viatu, wakaisifu sakafu. Pamba alilala chini ya kiti changu. Mwenyekiti alimwona akakunja uso. Wimbo ulipokwisha, alisimama kuomba, na vichwa vyote vikainama.

Mimi sikufumba macho. Mungu anisamehe, sikuweza. Pamba alikuwa ameamka. Alijinyoosha, akapiga mwayo, akaanza kutembea katikati ya miguu ya wageni, pua chini. Nilikohoa. Hakugeuka. Mwenyekiti alikuwa anawaombea wagonjwa, mmoja baada ya mwingine kwa majina, na kijiji chetu hakikukosa wagonjwa. Pamba alipita karibu na mlango, na nikasema moyoni, toka, toka, tafadhali. Alisimama. Akanusa upande wa pembeni. Kisha masikio yakamsimama, yote mawili, lile zima na lile lililoraruka, akaenda mbio moja kwa moja hadi kwenye mchanga wa mtungi.

Nilimtazama Susu. Naye alikuwa amefumbua macho.

Pamba alichimba kidogo kwa heshima zote, akachuchumaa, akamaliza shughuli yake. Kisha akamgeukia Susu akitikisa mkia, akingoja maharagwe.

Hapo ndipo "Amina" ikasemwa. Mwenyekiti, ambaye koo lilikuwa limemkauka kwa maombi, alielekeza mkono pembeni. "Hata kabla ya chai, nipee maji ya huo mtungi, mwanangu." Niliinuka, nikakaa, nikainuka tena. Naye akamwona mbwa pale, na mchanga uliochimbwa, na ule unyevu uliokuwa ukienea polepole chini ya mtungi.

"Aiii!" alisema. "Mbwa ndani ya nyumba, na akojolee maji ya watu? Mama, hii ni nini? Huyu atolewe saa hii."

Huko nje mbwa wetu wakubwa walikuwa wamelala mlangoni, na mlango ulikuwa wazi. Nilimwokota Pamba nikamkumbatia, machozi yakinitiririka mbele ya kanisa zima la akina mama. Susu alikuwa amefungwa na neno lake mwenyewe, na lilikuwa limetimia neno kwa neno, mbele ya wageni, juu ya maji ya kunywa. Ingekuwa rahisi sana kusema "mtoe". Kila mtu mle ndani alilingoja neno hilo, mimi wa kwanza.

Susu aliinuka. Alikwenda hadi pembeni, akautazama mchanga, akautazama mtungi.

"Huyu hajakosa," alisema. "Ni mimi nilimfundisha vibaya. Nilimwambia mchanga ni choo. Sikumwambia kuna mchanga ingine."

Kisha akaniita. "Weka huyo chini. Shika huku." Tukaunyanyua mtungi sote wawili, ukaacha duara pale ulipokaa tangu kabla baba yangu hajazaliwa, tukautoa hadi barazani. Maji tuliwanywesha ng'ombe na punda. Kisha alirudi ndani, akanawa mikono, akawamiminia wageni chai na kuwauliza habari za watoto wao. Mama mmoja alianza kucheka kichinichini, akafuatwa na mwingine, na mwishowe hata mwenyekiti alilazimika kujifuta macho kwa leso.

Mtungi haukurudi ndani tena. Kule barazani jua liliupiga, na maji yetu yalikuwa ya vuguvugu kiangazi chote kile. Pembe ile ilitiwa simiti ya rangi tofauti kidogo, na Pamba alilala juu yake mpaka akazeeka.

Siku hizi mitungi ile utaiona kwenye mahoteli ikiwa imepandwa maua. Mto wenyewe malori yamechota mchanga wake mpaka mwamba, na wanaotaka maji wanapiga simu waletewe. Susu tulimzika pale juu ya mteremko. Namkumbuka, hasa nikiwa nimekosea na sitaki kusema. Nimekaa na walimu, na mapasta, na mabosi wa ofisi, na mimi mwenyewe sasa ni mtu mzima mwenye nyumba na wageni. Sijamsikia tena mkubwa yeyote akisimama mbele ya wageni wake na kusema huyu mdogo hajakosa, ni mimi nilimfundisha vibaya.