Njiwa wa Shaba Sokoni Kamembe

Nsimire aliuza sambaza, wale dagaa wa ziwani, katika soko la Kamembe tangu alipovuka mpaka kutoka Bukavu na mumewe, na kanisa karibu zima lilinunua kwake. Ndiyo maana Pasta Christophe-Aimé alimchagua awe wa kwanza kupokea pesa mpya.

Pasta alikuwa amesoma mahali kwamba zamani, kusini mwa Afrika, wamisionari waliwatengenezea watu wa kabila la Wagriqua sarafu za shaba zenye picha ya njiwa. Hakusoma mpaka mwisho kujua kama watu walizipenda. Alikwenda kwa Idrisa, mfua vyuma Mwislamu wa hapo Kamembe, akamwomba amgongee njiwa kwenye vipande vya shaba. Idrisa aliuliza tu kama ndege afunge mdomo au aufungue.

Jumapili waumini wakabadilisha faranga zao kwa njiwa.

"Ndugu akinunua kwa ndugu," Pasta alieleza, "baraka inabaki ndani ya nyumba."

Faranga zikaenda kununua mabati mapya ya kanisa. Njiwa wakaenda kwa Nsimire. Kufikia katikati ya wiki beseni lake lilikuwa tupu na mfuko wake mzito, naye akajiona tajiri mpaka alipoteremka ziwani kununua samaki wengine. Mvuvi aliigeuza sarafu mara mbili.

"Maman, huyu ndege anaimba?"

Akapanda tena sokoni, kwa Joséphine wa kwaya, muuza unga.

"Unga umeisha, dada," Joséphine alisema, ameegemea gunia lililojaa.

"Na huo?"

"Huo ni wa faranga."

Nsimire hakulala vizuri siku hiyo. Kesho yake aliweka sokoni beseni dogo la sambaza alilokopeshwa na jirani, na mteja wa kwanza akawa Pasta mwenyewe. Alitoa noti ya faranga. Nsimire akamrudishia chenji ya njiwa.

"Hapana, Maman, nirudishie faranga tu. Leo nalipa umeme."

"Batu ba umeme habajaokoka, Pasta?" Nsimire aliuliza kwa Kiswahili cha Bukavu.

Pasta alicheka peke yake. Akachukua konzi moja ya sambaza badala ya chenji, akaondoka haraka kuliko alivyokuja.

Jumapili iliyofuata kapu la sadaka lilipofika kwenye benchi lake, Nsimire alisimama na kuumimina mfuko wote. Kelele ya shaba ilinyamazisha ngoma. Joséphine, ambaye naye alikuwa na njiwa wake wasionunua kitu, alikimbia mbele na wa kwake. Kisha benchi la pili, la tatu, na wazee wa kanisa. Hakuna aliyeweza kulaumiwa, maana walikuwa wakimtolea Bwana. Pasta alilibariki kapu macho yakiwa wazi.

Wiki hiyo alitangaza kwamba njiwa wamemaliza kazi waliyotumwa, akamuuzia Idrisa shaba hiyo kwa kilo. Joséphine alimpelekea Nsimire unga nyumbani bila kusema samahani. Wakala ugali pamoja, wakazungumza juu ya harusi ya mtu mwingine.

Ijumaa Pasta alikuja sokoni na bahasha ya faranga zilizotoka kwa Idrisa.

"Ni upendo wa kanisa kwako, Maman."

Nsimire alimshukuru kwa heshima zote, akafungua bahasha, akazihesabu mbele yake taratibu, wateja wakingoja.