Morfudd Bebb na Jumatano ya Theluji

Mtu akikuuliza Llanarthog ni mji wa namna gani, usianze na kanisa wala mnara wa saa. Anza na Morfudd Bebb. Mimi nilioka mikate mlango wa pili kutoka kwake kwa miaka thelathini na minne, nikagombana naye karibu kila juma, na bado nasema mji ni yeye.

Alikuwa mfupi, mpana, mwenye mikono ya kukamua ng'ombe, na mdomo usio na breki. Alitengeneza siagi na kuigonga muhuri wa mbao wa bibi yake. Baba yake alipofariki, alirithi pia kamba ya kengele ya soko. Kila Jumatano saa nne kamili alipiga, na kabla hajapiga hakuna aliyethubutu kuuza hata yai.

Masharti ya soko letu tunayajua kuliko zaburi. Mfalme alitupatia hati miaka mia saba iliyopita: kengele ilie saa nne, na kabla ya saa sita mtu wa mjini amuuzie mtu wa nje ya mji, wabishane bei kwa vinywa vyao wenyewe, wapigane viganja hadharani kufunga bei. Jumatano moja ikipita bila hayo, haki ya soko inarudi kwa kabaila wa kule kilimani, na barabara yote inakuwa yake.

Basi hatukukosa hata moja. Mji uliungua mara mbili, tukauza juu ya majivu. Reli ilipokuja ikaua kazi ya wale waswaga ng'ombe waliokwenda Uingereza kwa miguu, tukageukia kondoo. Vita vikachukua wanaume, wanawake wakabishana bei wenyewe, tena kwa ukali zaidi.

Halafu ikaja theluji ya mwaka themanini na mbili. Ilianza Ijumaa, na kufika Jumapili nilitoka nyumbani kwa dirisha. Barabara zote zilifungika. Na nani kanaswa humu humu mjini? Bwana Thorley, wakili wa kabaila, aliyekuja Alhamisi kupima barabara yetu kwa utepe wake. Bosi wake alitaka kuifanya maegesho ya magari. Jumanne akaingia dukani kwangu, akachagua mkate mdogo, akatabasamu.

"Kesho ni Jumatano, sivyo?"

Nilitamani kumpiga na huo mkate.

Asubuhi mimi na Morfudd tulichimba njia mpaka mnarani. Saa nne akapiga kengele, na sauti ikaenda mbali ajabu, maana dunia nzima ilikuwa kimya. Akaweka kipande kimoja cha siagi juu ya meza. Tukangoja. Saa tano, hakuna mtu. Thorley kasimama mlangoni mwa hoteli na saa yake mkononi.

"Niuzie mimi," nikamwambia.

"Wewe wa mjini, Tegwen. Umezaliwa nyuma ya lile tanuri."

"Nitahama leo leo."

"Kwa njia ipi? Kaa kimya, unanitia baridi."

Saa sita kasorobo nikaona doa jeusi likishuka mlimani. Mtu anatembea juu ya kuta za mawe, maana mashamba yamefunikwa. Jamani, moyo uliniruka! Kisha nikaitambua ile kofia, na moyo ukarudi chini. Alikuwa Emrys Jarman wa shamba la Blaen-y-cwm, kule mlimani nje ya mji.

Ngoja nieleze. Miaka kumi na moja kabla, kwenye maonyesho ya wakulima, Emrys alikuwa mwamuzi wa siagi. Siagi ya Morfudd akaipa nafasi ya pili, na kwenye kadi, mbele ya wilaya nzima, akaandika: chumvi imezidi. Ya kwanza akampa mgeni aliyehamia juzi. Tangu siku ile Morfudd hakumpa hata salamu. Kanisani walikaa benchi moja, na katikati yao nafasi ya mtu mmoja isiyokaliwa na yeyote. Cheka ukitaka. Kwetu watu wameingia kaburini kwa madogo kuliko hayo.

Alifika zimebaki dakika nane, ndevu zimeganda.

"Nilisikia kengele," akaniambia mimi. "Tegwen, muulize huyo mama kama siagi inauzwa."

"Mwambie huyo bwana ana macho," akasema Morfudd.

Thorley akasogea, mpole kama daktari. "Samahani. Hati inasema vinywa vyao wenyewe. Kupitia mtu wa tatu haihesabiki."

Kumbe kaisoma, mwanaharamu yule. Zimebaki dakika tano. Hapo nikawaka.

"Nyinyi wawili hamna akili! Moto umeshindwa kutuua, vita vimeshindwa, leo tuzikwe na kijiko cha chumvi? Morfudd, fungua hilo domo lako. Miaka yote hulifungi, leo ndiyo unaona haya?"

Akanitazama kwa jicho baya. Kisha akamgeukia Emrys, kidevu juu.

"Pauni mbili."

"Pauni mbili?" Emrys akashtuka kweli kweli. "Hata ng'ombe mwenyewe angeona aibu."

"Ng'ombe yuko zizini, kashiba. Toa, au rudi mlimani."

"Nionje kwanza."

Nilidhani nitazimia. Akavua glavu, akachovya kidole, akalamba. Kule juu mnarani mashine ya saa ikaanza kukwaruza kama inavyofanya kabla ya kugonga. Emrys akatazama chini.

"Siku ile nilikuwa na mafua, Morfudd. Sikuonja kitu. Babu yangu alikuwa mwamuzi, baba yangu pia, ningesimamaje niseme pua imeziba? Nikabahatisha."

"Miaka kumi na moja," akasema Morfudd taratibu. "Mafua."

"Mafua."

Morfudd akainua kiganja. "Pauni mbili na nusu."

Emrys akakipiga, paa, na saa ya mnara ikagonga adhuhuri. Thorley akakunja utepe wake. Mimi nilikuwa nalia na kurukaruka kwenye theluji, na sioni aibu kusema.

Mwezi wa tano wakafunga ndoa. Ila sikiliza: hakuna aliyehamia kwa mwenzie. Morfudd akihamia mlimani, si mtu wa mjini tena. Emrys akishuka, si mtu wa nje. Wakasema soko litakuwa na muuzaji na mnunuzi daima, hata dunia ifunikwe. Miaka kumi na tisa mume alilala Blaen-y-cwm na mke alilala mjini, maili tano kati yao, na kila Jumatano alishuka kununua siagi ya mkewe. Walibishana mpaka farasi wanageuka kuwatazama. Alhamisi alfajiri alirudi kwa kondoo wake.

Morfudd alifariki Jumatatu moja ya Novemba, na mazishi yakapangwa Alhamisi. Jumatano ile nilipiga kengele mimi. Emrys akaja, amevaa suti nyeusi, akasimama mbele ya meza yangu. Nikamtajia bei ya mkate, nikaipandisha makusudi. Akafungua kinywa abishe, sauti ikagoma. Watu wote sokoni wakamngoja. Akajaribu tena, akasema ni ghali mno, kisha akaninyooshea kiganja, nami nikakipiga.