Fundi wa Breki Uwanjani

Fundi wa breki, kabla hajaingia na gari lake kwenye uwanja wa mbio za magari siku za mazoezi, hufuta kioo cha pembeni kwa kidole gumba. Gari lenye kasi zaidi likimkaribia, mkono wake hutoka dirishani: "Pita, bingwa, leo hakuna kombe!" Siku moja, nje ya uzio, mama wa kijana aliyeendesha gari jekundu alimtazama hadi akajikuta anashangilia, yeye aliyekuja kumwombea kijana wake tu, maana mwanawe mkubwa aligongwa hapahapa akafariki. Ghafla gari jekundu likateleza, likazunguka, likasimama katikati ya njia. Fundi, aliyekuwa nyuma yake, akakata usukani akajibamiza kwenye rundo la matairi. "Mungu wangu!" Mama akaruka uzio. Alipofika, fundi hakuwa na habari na gari lake. Alikuwa ameinama kwenye dirisha la kijana.

"Shingo iko sawa, mwanangu?"

"Mzee, nimekuharibia gari!"

"Kuteleza ni kawaida. Mimi ndiye niliyekukaribia mno." Akamgeukia mama, akavua helmeti. "Pole, mama, nimekutia hofu."

Pole hiyo mama aliingoja, tangu mazishi ya mwanawe mkubwa, kutoka kwa dereva aliyemgonga, ambaye hakufika hata mlangoni. Akaishika mikono ya fundi, akamshukuru Mungu kwa sauti, akicheka huku machozi yakimtoka.