Gaju na Wimbo wa Makasia

Jirani yangu Vénuste ni mtu wa maji. Mpe kasia gizani, atalipapasa na kukuambia nani alilichonga. Lakini ng'ombe! Ng'ombe alimjua kwa kumkwepa njiani, basi. Kwa hiyo siku ile ya mwaka wa tisini na tisa, Mzee Kalisa alipoteremka kutoka Nyakiriba akimswaga mtamba mwekundu mwenye mimba mpaka uani kwa Vénuste, mtaa mzima wa huku ziwani tulitoka kuangalia. Mimi niliacha sambaza zangu, samaki wadogo wa ziwa letu, juani bila mlinzi, na paka wakajikaribisha.

Kalisa alikuwa amerudi kutoka Masisi, Kongo, na mke na watoto, mikono mitupu, bila hata ng'ombe mmoja. Vénuste aliwapa chumba cha nyuma, wakakaa humo mpaka walipopata shamba Nyakiriba. Sasa, Kalisa ni mfugaji mtoto wa mfugaji, na kwao samaki hakuwa chakula, alikuwa kinyaa. Mwanzoni tukikaanga sambaza aligeuza uso. Haukupita muda nikamkuta analamba sahani, nami sikumwacha bila kumtania. Lakini wema hauozi. Kundi lake lilipoanza tena kukua, alichagua mtamba mzuri kuliko wote, Gaju, akamleta kwa rafiki yake.

Ng'ombe wa urafiki kwetu haishii siku anapotolewa. Unamtunza, na ndama jike wa kwanza unamrudishia aliyekupa, ili urafiki uendelee kwenda na kurudi. Ukimpoteza kabla ya hapo, hakuna atakayekushtaki, lakini rafiki yako utamtazama vipi usoni? Ndiyo maana Kalisa alimfundisha Vénuste kila kitu: majani, chumvi, na zaidi ya yote maneno ya Kinyarwanda ya kumsifu ng'ombe kila asubuhi, maana ng'ombe huifuata sauti inayomsifu. Vénuste akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyeelewa.

Kesho yake yote yalikuwa yametoka kichwani. Kwenda Nyakiriba kuuliza tena aliona haya, kwa hiyo akaimba alichokuwa nacho, wimbo wa makasia, ule ambao wavuvi wetu huimba jioni wakitoka na mitumbwi yao mitatu iliyofungwa pamoja. "Vuta, baba, vuta, samaki iko nangoja!" Gaju akaupenda. Jioni ungewaona wawili hao wakipita chini ya miti ya barabara ya ziwani, mwewe wakizunguka juu ya maji, yeye anaimba na ng'ombe anatikisa masikio. Masista waliotoka misa walisimama kucheka. Watoto walijipanga nyuma wakipiga makasia ya hewani. Tulikuwa tumetoka katika miaka ya vita, ya kulala na viatu miguuni, jamani, na tulifurahi kupata kitu cha kuchekea.

Kisha ikafika Jumapili ambayo Kalisa alisema atakuja kumwona Gaju. Asubuhi hiyo kamba ilikuwepo, Gaju hakuwepo.

Vénuste alimtafuta kivuvi. Kwanza akaangalia upepo unavuma kwenda wapi. Kisha akaingia mtumbwini, akafuata ukingo wa ziwa, akiuliza kila aliyekutana naye majini.

"We Vénuste!" nikampigia kelele kutoka ufukweni. "Ng'ombe si mutumbwi! Upepo haiwezi kumupeleka!"

"Na kama iliingia kwa maji kunywa, ikazama?"

Wengine wakaleta maoni, na maoni hayakosekani hapa mtaani. Mmoja akasema Gaju amekwisha vuka mpaka wa Kongo, saa hizi ni mishikaki Goma. Vénuste akarudi, akaketi juu ya mtumbwi uliopinduliwa.

"Mama Ingabire, Mzee iko nakuja. Nitamuambia nini?"

Mimi, ambaye mdomo wangu haupumziki, niliketi tu kando yake. Nilimhurumia kwelikweli.

Kalisa alifika mchana, na kibuyu cha maziwa mkononi. Aliposikia habari hakukasirika. Aliuliza tu, "Uliangalia wapi?"

"Kwa maji."

"Kwa maji! Bon, sawa. Rafiki yangu, Gaju haikupotea. Iko nazaa. Ng'ombe ikitaka kuzaa inajificha, watu wasiione."

Akatazama chini, akafuata alama za kwato, nasi nyuma yake, mpaka kwenye bustani ya jumba la zamani karibu na ziwa. Wenyewe walishaondoka, ua umevunjika, na maua yamegeuka msitu usiopenyeka. Kalisa akanyoosha mikono, akaanza kumsifu Gaju kwa maneno yake ya kifugaji, mazuri mpaka mwili ulinisisimka. Kimya. Akarudia. Ndege tu ndio waliojibu.

Akamgeukia Vénuste. "Haijui hii maneno? We unaiimbiaga nini?"

Vénuste akaangalia miguu yake. Mimi nikakohoa.

"Mzee, nilisahau. Tangu siku ya kwanza."

"Donc? Unaimbaga nini?"

"Naiimbiaga ya makasia."

Niliogopa. Maneno yale Kalisa aliachiwa na baba yake, na rafiki yake alikuwa ameyaangusha njiani kama chumvi kwenye mfuko uliotoboka. Kalisa akaweka kibuyu chake chini.

"Imba basi," akasema.

Vénuste akaimba. Chini ufukweni wavuvi walikuwa wakitengeneza nyavu zao, na hao hawawezi kuusikia wimbo ule wakanyamaza. Wakaitikia kwa pamoja: "Vuta!" Majani yakatikisika. Gaju akatokea, na nyuma yake kitu chekundu, kibichi, chenye miguu minne ambayo bado haijakubaliana iende upande gani. Ndama jike.

Vénuste alilia mbele yetu bila kujificha. "Ni yako, Mzee. Jike. Ni yako."

Kalisa alicheka mpaka akaketi majanini. Alipomaliza kujifuta macho akasema, "Nifundishe ile wimbo."

"We, Mzee? Ya nini?"

"Hii ndama imezaliwa ndani ya ile wimbo. Nikiiita na maneno yangu, itanikatalia kama mama yake. Anza. Pole pole."

Ndama alipoacha kunyonya alipelekwa kwa Kalisa. Ukipita Nyakiriba asubuhi, huko juu mbali na maji, kati ya mashamba ya viazi, utamsikia mfugaji wa Masisi, yule aliyekuwa akigeuza uso tukikaanga samaki, akiimba, "Vuta, baba, vuta, samaki iko nangoja!" Sauti yake ni mbaya ajabu. Yule ndama, sasa ng'ombe mzima, anakuja mbio hivyo hivyo.