Malkia Asiye na Mama

Pale Kikula, mtaa wetu wa Likasi, wasusi wamejaa, huwezi kupiga hatua bila kuitwa. Mimi nilikuwa nawapita wote, na jua kichwani, mpaka saluni ya Simone, kwa ajili ya kiti kimoja tu: kiti cha Blandine.

Blandine hasuki nywele tu. Jumapili baada ya misa anasoma riwaya ya Kifaransa nyumbani kwake, na wiki nzima anatusimulia kwa Kiswahili huku vidole vikitembea vichwani mwetu. Kifaransa alisoma shule ya masista. Karo ilitoka kwenye samaki wa ziwa Tshangalele waliouzwa na marehemu mama yake, Mama Berthe, mwanamke ambaye bei yake hakuna aliyewahi kuishusha. Watu wa hapa wanalipia nywele, lakini wanarudi kwa hadithi. Mimi nilirudi hata nywele zikiwa bado nzuri.

Sasa Simone akatuletea kitabu alichoandika kaka yake, Jean-Luc wa Lubumbashi. Mapenzi na miujiza. Kuna ufalme juu ya ziwa, wavuvi wana mabawa, mfalme anamwona msichana mara moja na basi, kubusiana kurasa arobaini. Tulianza vizuri, maana nani hapendi mapenzi? Lakini tukaanza kuuliza. Wavuvi wanavua, samaki anauzwa wapi? Hakuna soko. Nani anapika ugali wa ikulu? Hakuna jiko. Yule msichana ametoka kwa nani? Hakuna. Blandine alijibu kila swali kwa kuinua mabega, na nilimwona anaona haya, kana kwamba ametupikia chakula kibichi.

Simone akatangaza kwamba Jumamosi kaka yake anakuja kuturekodi kwa simu, Lubumbashi yote ione wamama wa Likasi wanavyokipenda kitabu. Blandine akaombwa afikie sura ya harusi, na asiongeze wala kupunguza.

Jumamosi hiyo kichwa kilichokuwa mikononi mwake ni changu. Kesho yake tulikuwa na ubatizo wa mjukuu wangu, na upande wa kushoto tayari umesukwa. Jean-Luc, suti ya bluu, akainua simu. Blandine akasimulia mpaka mfalme anamshika msichana mkono na kumwingiza ikulu. Hapo vidole vikasimama.

Akamgeukia Jean-Luc, akamwita kwa heshima kama kaka mkubwa. "Yaya, huyu binti iko na mama?"

Jean-Luc akacheka kidogo. Akasema ule ni ulimwengu wa kuwaza, kule hakuna mambo ya mahari na wajomba.

"Mabawa umewaza," Blandine akasema, "na mama umeshindwa kuwaza? Miye siwezi kuolesha mutoto wa bantu bila mama yake kuulizwa."

Wapi! Simone akawaka. Akasema kiti ni chake, saluni ni yake, na kaka ni wake. "Elezea vile iliandikwa, ao toka mu kiti yangu."

Kile kiti ndicho mkate wa Blandine, na hana mume wa kumsaidia. Nilidhani atameza maneno yake, na kusema kweli, kwa ajili ya ubatizo nilitamani ameze. Akachukua kitana chake na mkebe wake wa mafuta, akaniomba msamaha kwa upande wa kulia, akatoka.

Nikabaki nimekaa, nusu msichana wa picha, nusu kichaka. Simone akaniletea msusi mwingine. Nikamtazama Jean-Luc anavyofuta ile video, hasira ikanipanda. Nikanyanyuka. Nilitembea barabara nzima ya Kikula na kichwa cha nusu, na waliocheka niliwatazama mpaka wakaacha.

Blandine nilimkuta barazani kwake, amekaa tu. Nikavuta kigoda, nikampa kisogo. Hakusema asante na mimi sikuitaka. Akaanza kusuka.

"Endelea," nikasema. "Mama yake binti ni nani?"

Akavuta nywele kwa nguvu mpaka machozi yakanitoka.

"Anaitwa Berthe. Anauzisha samaki pale kwenye ziwa. Na ile ndoa, kwanza anaikatala."