Aliyetusemesha Kwenye Ukungu

Sikulazimishi uniamini. Hata mimi, ningesimuliwa haya na mtu mwingine, ningemwambia apunguze chumvi. Lakini yalinipata mimi mwenyewe, na niliyekuwa naye bado yu hai. Ukimkuta atakwambia hivi hivi, kama atakubali kufungua mdomo.

Tena usidhani ilikuwa usiku. Watu wakisikia habari za namna hii wanataka giza na bundi. Ilikuwa saa tatu asubuhi, siku ya gulio, na kengele ya shule ilikuwa imetoka kulia huko chini.

Ilikuwa miaka ile biashara zilipoachiwa huru. Tulikuwa tumezoea kupanga foleni ya sabuni na kuvaa viraka, mara mitumba ikamwagika Arusha kama mvua. Mimi ni Mchaga wa Marangu, nilikuwa nimepanga chumba Kaloleni. Chumba kilichopakana na changu alikaa Anaeli, Mmeru, dada mrefu mwenye kicheko cha kusikika mtaa wa pili. Nilimjua tangu akiwa bado kwa mume; alikaa kwenye ndoa miaka sita bila kupata mtoto, mume akamrudisha kwao. Tulinunua belo la mitumba pamoja, tukichambua pamoja sakafuni kwangu, na siku za gulio tukijitwika viroba vyetu na kupanda kwa miguu kupitia Sekei hadi vijiji vya juu, kule ambako mvua ikinyesha gari halifiki.

Nilikuwa na binti, Neema. Alikufa akiwa na miezi saba. Homa ya siku mbili tu. Anaeli ndiye aliyekimbia naye hospitali bila viatu, na ndiye aliyemwosha, maana mimi mikono ilikataa. Baada ya msiba majirani wote waliacha kuniita Mama Neema. Walinionea huruma. Anaeli peke yake aliendelea: "Mama Neema, umekula?" "Mama Neema, amka, tuna kazi."

Kama miezi miwili baadaye nilikuwa naanua nguo uani. Jirani mmoja, wala hakuniangalia, akasema, "Yule rafiki yako asiye na mtoto, si ndiye aliyempakata siku ile kabla homa haijaanza?"

Basi. Akaendelea kukamua mashuka yake. Sidhani hata kama alikumbuka kesho yake kwamba aliwahi kusema.

Lakini mimi nililala nalo neno lile. Nikaamka nalo. Kila Anaeli aliponiita Mama Neema nikawa nasikia mtu ananicheka. Chakula alichonipikia nikawa namwagia kuku. Na usoni? Usoni nilikuwa nacheka naye kama kawaida, tunachambua mashati, tunagawana vifungo. Miezi mitatu nilikaa hivyo. Unaweza kuamini? Mtu unalala ukuta mmoja naye, na yeye hajui unamfikiria nini.

Asubuhi hiyo tulichelewa kutoka, ndiyo maana Anaeli akasema tupite njia ya mkato inayoingia msituni. Njia yenyewe inavuka korongo kwa daraja la magogo mawili, halafu inafuata ukingo kwa mwendo kama wa kuzunguka uwanja wa mpira. Chini maji yanasikika lakini huyaoni. Tulikuwa tumeipita mara nyingi. Anaeli alitangulia, mimi nyuma, kwa sababu pale hapatoshi watu wawili.

Tulipovuka magogo ukungu ukashuka. Ukungu wa Meru tunaujua, ni wa kila siku, mtu haushangai. Nilichoshangaa ni kimya. Mbega walikuwa wakikoroma juu ya miti muda wote, wakanyamaza kwa pamoja. Hata maji ya kule chini sikuyasikia tena. Mbele yangu nilikiona kiroba cha Anaeli na mgongo wake, kama hatua kumi, basi.

Nikasikia mtu nyuma yangu: "Nitwike, mwanangu."

Nikageuka. Mwanamke mzee, shuka nyeusi, kitambaa cha kijani kichwani, na mzigo wa kuni miguuni pake. Nikatua kiroba changu. "Shikamoo, mama."

Hakuitikia. Bibi gani wa huku asiyeitikia shikamoo? Lakini nilishainama, nikaushika mzigo wake kumtwika. Niamini, haukuwa na uzito. Kuni za kutosha kupika siku nne, nikaziinua kama mtu anayeinua ungo mtupu.

Ndipo akaongea tena. Na safari hii hakuongea Kiswahili wala Kimeru. Aliongea Kichaga cha kwetu Marangu, kile cha bibi zetu, ambacho mjini Arusha nilikuwa sijakisikia kwa miaka.

"Aliyemla mtoto wako ni huyo hapo mbele. Ukingo ni huo. Mkono unao."

Alisema kwa upole, kama mtu anayekuelekeza njia. Na unajua kilichonitisha zaidi, kila ninapokumbuka? Sikushtuka. Nilijisikia nimepumzika. Nilijisikia kama mtu aliyepata shahidi.

Nilikiacha kiroba changu palepale njiani. Nikatembea zile hatua kumi. Anaeli alikuwa amesimama, amenipa mgongo, kiroba chake amekiweka chini, na kushoto kwake hakuna kitu, ni ukungu mtupu mpaka chini majini. Nikainua mkono huu wa kulia. Kiganja kilikuwa kimeshagusa sweta lake pale Anaeli alipogeuka.

Alikuwa ameshika jiwe.

Jiwe kubwa kama papai, ameliinua usawa wa sikio. Machozi yanamtiririka. Tukatazamana, mimi na mkono wangu, yeye na jiwe lake. Mwishowe vidole vyake vikalegea, jiwe likamponyoka likaanguka korongoni. Tulisubiri kusikia likigonga. Lilichukua muda mrefu.

"Mama Neema," akasema kwa sauti ya chini, "na wewe amekusemesha?"

"Nani?"

"Bibi wa kuni. Mwenye kitambaa cha kijani. Alikuwa hapa mbele yangu sasa hivi, ameniomba nimtue mzigo."

Mbele yake, anasema. Na kwangu alikuwa nyuma, dakika ile ile.

"Amekwambia nini?"

Akaficha uso kwa mikono. "Ameniambia anayenifuata ndiye aliyenifunga tumbo. Zile dawa ulizoniletea kutoka kwa mama yako nikiwa bado kwa mume, zile za tumbo. Ameniambia kwa Kimeru. Kwa sauti kama ya bibi yangu."

"Anaeli, zile zilikuwa majani tu. Mama anatupa hata sisi watoto wake."

"Najua. Najua sasa. Lakini nimelifikiria hilo mwaka mzima, na hakuna mtu aliyenifundisha. Nililianzisha mwenyewe." Kisha akaniuliza, "Na mimi? Mimi amesema nimefanya nini?"

Nikamwambia. Hakujitetea. Alikaa chini kwenye matope na kulia kilio ambacho hakulia hata siku tuliyomzika mtoto. Akasema, "Nilikuwa nakuita Mama Neema ili angalau mtu mmoja asimsahau."

Siku hiyo hatukuuza hata shati. Tulishuka kwa njia ndefu. Kabla ya kufika mashambani tulikutana na mlinzi wa msitu, mzee mwenye koti la mvua, tukamuuliza kama kuna bibi anayeokota kuni kule korongoni. Akacheka. "Huko hakuna bibi. Hakuna kitu huko, ni miti na maji tu. Mtu anapanda na mambo yake kichwani, halafu anasingizia mlima." Maneno ya busara kabisa. Lakini tulipomuuliza yeye akifanya doria anapita wapi, akatuonyesha kwa fimbo njia inayozungukia mbali na korongo.

Mchungaji wangu naye nilimweleza. Akaniambia uovu hauna miguu, hauokoti kuni, unakaa moyoni mwa mtu. Huenda. Kilichokuwa moyoni mwangu nakijua, sikatai. Lakini niambie: mawazo yangu na mawazo ya Anaeli yalikutania wapi mpaka yakavaa kitambaa kimoja cha kijani? Nimeuliza swali hilo kwa zaidi ya miaka ishirini na sijajibiwa.

Tulisameheana, na tulisameheana kweli. Tuliendelea na biashara miezi kadhaa. Lakini njiani hakuna aliyetaka kutangulia. Tukifika mahali pembamba tunasimama, "Pita," "Hapana, pita wewe," mpaka tunachelewa gulio. Mwisho Anaeli akapata fremu ya duka Elerai, nami nikabaki Kaloleni, na wote wawili tulishukuru bila kusema.

Mwaka juzi tulikutana msibani. Tumezeeka. Tulikumbatiana, tukashikana mikono, akaniita jina lile lile, nikafurahi mpaka nikalia. Wakati wa kutoka tukafika mlangoni pamoja. Nikasimama. Naye akasimama. Watu wa nyuma yetu wakaanza kulalamika, "Akina mama, vipi?" Tukapita ubavu kwa ubavu, tumebanana kwenye mlango mmoja.

Kwa hiyo nakuomba wewe unayenisikiliza. Kama kuna mtu unayemdhania jambo, mwulize leo, mkiwa uani, jua linawaka, watu wanapita. Mwulize hata kama utaonekana mjinga. Usipande naye mlimani ukiwa umenyamaza. Watu huniambia, lakini wewe hukumsukuma. Ni kweli, sikumsukuma. Ila nilishaligusa sweta lake, na siwezi kukuapia kwamba asingegeuka ningeushusha mkono.