Chai ya Habari Mbaya: Risk Assessment Yangu ya Kwanza, Kiriaini

Wakuu, salamu kwenu wote. Hii ni ya miaka ya tisini na sijaongeza chumvi. Mwenye atasema ni hadithi, aseme, mimi nilikuwa hapo.

Nilikuwa nimeanza masters Nairobi, information security na risk. Siku hizo ukisema "security" watu nyumbani wanadhani umeandikwa soja. Mama yangu aliniuliza kama tutapewa rungu!

Lecturer akatuambia: rudini kwenu, kila mtu atafute ofisi inaweka siri za watu, aangalie hizo siri zinaweza kutorokea wapi.

Nikachagua kliniki ndogo ya kanisa karibu na Kiriaini. Walikuwa wanapima ukimwi, na mnajua vile mambo ilikuwa. Jina lako likihusishwa na hiyo kitu, hata kikombe chako kinatengwa.

Sister mwenye kusimamia kliniki hakuwa na mchezo. Kompyuta iko na password. Kabati iko na kufuli, na funguo iko kwa shingo yake. Damu inaenda maabara na namba, si jina. Nikajifanya nimetumwa majibu ya binamu yangu. Alinifukuza vizuri sana.

Nikajiambia hapa hakuna kitu, naandika "risk: low" niende nyumbani nikule mukimo.

Lakini mimi sikagui tu pale nimeonyeshwa. Nikaenda kukaa kwa benchi na wenye walikuwa wanangoja kuitwa.

Mama wa jikoni akapita na trei, kikombe na mkate, akaingia kwa Sister, mahali mgonjwa mmoja alikuwa anapewa majibu. Cucu mmoja, nyanya mzee kando yangu, akatikisa kichwa.

"Ngai! Huyo naye ameletewa chai. Maskini."

"Cucu, kwani chai iko na shida gani?"

"Wewe kijana ni wa wapi? Mtu hapewi habari mbaya na tumbo tupu. Ukiona chai imeingia, jua."

Wakuu! Benchi yote ilikuwa inajua! Sasa password ni ya nini?

Na mwenye alikuwa anafuata kuchukua majibu ni Muthoni, mwalimu, jirani yetu kabisa. Wazee wa mchumba wake walikuwa karibu kuleta mahari. Na shangazi ya huyo mchumba alikuwa hapo hapo kwa benchi, ameleta mtoto mwenye kikohozi.

Mgonjwa alipotoka tu, nikaingia mbele ya Muthoni. Watu wakaguna ati naruka laini. Sikujali.

Nikamweleza Sister. Akawaka.

"Unataka nimwambie mtu kitu kama hiyo bila hata chai? Ulilelewa wapi wewe?"

"Usiache chai, Sister. Pea kila mtu. Wa mazuri anywe, wa mabaya anywe."

Halafu akaita jikoni, "Ongezeni maji kwa sufuria!"

Muthoni akaingia. Chai ikaingia. Shangazi akashika mdomo.

Akatoka Muthoni, akaingia mzee wa kanisa. Chai. Shangazi akaingia na mtoto wake. Chai! Halafu cucu mwenyewe, amekuja sababu ya magoti kuuma. Chai na mkate. Alitoka akiapa mbele ya kila mtu, "Mimi ni magoti tu! Magoti!"

Benchi ikaangua kicheko, shangazi pia. Tangu hiyo siku, chai kwa kliniki hiyo ikawa chai tu.

Mahari ililetwa, na mimi nikapata A.

Funzo langu: siri nyingi haziibiwi na mtu. Zinatolewa na mazoea yetu, hata yale ya upendo. Nanyi kazini kwenu, "chai" yenu ni gani? Mwageni hapo chini.

Na kabla mtu aniulize majibu ya Muthoni ilikuwa gani: sijui. Nilikuwa hapo nje ya mlango, macho wazi, na mpaka leo sijui. Hiyo ndiyo kazi nilifanya.